Fahamu: Muundi ukivunjika karibu na goti, hutengenezwaje?

Isiolo ni mji wa bodaboda, na barabara kuu ya A2 iendayo Moyale hupita hapo. Pikipiki ikigongwa ubavuni, goti huweza kupokea kishindo chote.

Huvunjika nini?
Ncha ya juu ya muundi ni bapa, imefunikwa kwa gegedu, na ndiyo hubeba uzito wa mwili. Ikipasuka au kudidimia, goti hupinda au kuyumba. Mwaka 1979, daktari Joseph Schatzker wa Kanada na wenzake waligawa mivunjiko hii katika aina 6. Mgawanyo huo ungali unatumika.

Mbona upasuaji husubiri?
Mguu ukiwa umevimba sana, kidonda hakifungi vizuri na hupata maambukizi kwa urahisi. Huenda mgonjwa akangoja wiki 1 au 2, mguu ukiwa umetulizwa.

Daktari hufanya nini?
Huinua sehemu iliyodidimia, huziba pengo kwa kipande cha mfupa, mara nyingi kutoka nyongani, kisha hukaza bamba la chuma kwa skrubu.

Halafu?
Goti huanza kukunjwa mapema lisije likakakamaa, lakini mguu haukanyagi kwa wiki 6 hadi 12. Magongo ni lazima.

Hatari kuu
Maumivu yakizidi, mguu ukakaza na vidole vikafa ganzi, huenda misuli inakosa damu. Usikubali kukandwa: kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.