Amplifaya Nyepesi kwa Gitaa la Besi: Fizikia ya Kuchagua Chombo

Msikilizaji wa bendi ya muziki wa dansi huvutwa kwanza na mwimbaji na gitaa la solo. Hata hivyo, besi ikinyamaza, hata asiyejua muziki hutambua kwamba kuna kitu kimepungua. Besi ndiyo inayobeba mwendo wa wimbo. Pamoja na hayo, kuikuza sauti yake ni kazi ngumu kuliko kukuza sauti nyingine nyingi zilizopo jukwaani, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilihitaji mitambo mizito. Ampeg SVT, amplifaya mashuhuri iliyotolewa Marekani mwaka 1969, ilitoa wati 300, nayo peke yake, bila spika, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 39. Siku hizi amplifaya yenye wati kama hizo huweza kuwa na uzito wa kilo 2 au 3 tu, ikabebwa katika mfuko wa madaftari.

Je, uzito huo umekwenda wapi? Na je, shule au kikundi cha vijana chenye fedha kidogo kitumie vipimo gani katika kuchagua? Swali hili si dogo. Fedha za chombo kama hiki huchangwa kwa muda mrefu, na chombo kikiungua usiku wa kwanza kwa sababu ya kuunganishwa vibaya, mara nyingi hakuna fedha za kununua kingine. Majibu yake yamo katika somo la fizikia la shule ya sekondari.

KWA NINI BESI HUHITAJI NGUVU NYINGI

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Uzi mnene kuliko zote hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, yaani una marudio ya hezi 41. Nyuzi nyingine zina hezi 55, 73 na 98. Sikio la binadamu haliisikii mitetemo yote kwa usawa. Mwaka 1933 wanasayansi Fletcher na Munson wa Marekani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti nzito huhitaji nguvu kubwa zaidi ili isikike sawa na sauti ya kati. Kwa vipimo vya leo, sauti ya hezi 40 yapasa kuwa na takriban desibeli 50 ndipo sikio lianze kuitambua, ilhali sauti ya hezi 1000 hutambuliwa ikiwa karibu na desibeli sifuri.

Jambo la pili linahusu spika yenyewe. Spika hutoa sauti kwa kusukuma hewa kwa koni yake. Marudio yakipungua kwa nusu, koni lazima isogee mara nne zaidi ili kutoa mgandamizo uleule wa hewa. Kwa hiyo besi huhitaji koni kubwa, sanduku kubwa na umeme mwingi.

UZITO WA AMPLIFAYA ZA ZAMANI

Amplifaya hupokea umeme hafifu kutoka kwenye gitaa na kuutumia kuongoza umeme mwingi unaotoka ukutani. Katika mitambo ya zamani, vitu viwili ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa ya uzito.

Cha kwanza ni transfoma. Kufuatana na kanuni aliyoigundua Faraday mwaka 1831, volti zinazozalishwa katika koili hutegemea kasi ya kubadilika kwa usumaku unaopita ndani yake. Umeme wa majumbani kwetu hubadilika mara 50 tu kwa sekunde. Kwa kuwa mabadiliko ni ya polepole, transfoma lazima iwe na chuma kingi na mizunguko mingi ya waya wa shaba ili itoe volti zinazotakiwa.

Cha pili ni mabamba ya aluminiamu ya kupozea. Transista za mtindo wa zamani hufanya kazi kama koki ya maji iliyofunguliwa nusu. Sehemu ya umeme hupita kwenda kwenye spika, na sehemu nyingine hupotea kama joto ndani ya transista. Tuchukue amplifaya inayotoa wati 300 kwa ufanisi wa asilimia 60. Itavuta wati 500 kutoka ukutani, na wati 200 zitakuwa joto tupu. Joto hilo lisipoondolewa, transista zitaungua.

NJIA MBILI ZA KUPUNGUZA UZITO

Njia ya kwanza ni kubadili ugavi wa umeme. Badala ya kuupitisha umeme wa volti 230 moja kwa moja katika transfoma kubwa, chombo huugeuza kwanza kuwa umeme wa mkondo mnyoofu wa takriban volti 325. Kisha transista huukatakata mara elfu nyingi kwa sekunde, kwa mfano mara 100,000. Kwa kuwa mabadiliko sasa ni ya haraka mno, transfoma ndogo inayotosha kiganjani huweza kufanya kazi ya ile kubwa. Mwanafunzi asidhani kwamba itakuwa ndogo mara 2,000 kwa vile 100,000 ni mara 2,000 ya 50. Ferati, yaani kitu kinachotumika badala ya mabati ya chuma, haiwezi kubeba usumaku mwingi kama chuma. Hata hivyo, upungufu wa uzito ni mkubwa sana.

Njia ya pili ni kubadili kazi ya transista zinazosukuma spika. Katika amplifaya za daraja D, transista haiachwi nusu wazi. Ama imefunguka kabisa, ama imefungwa kabisa. Tukumbuke kwamba wati ni volti mara ampea. Transista iliyofungwa haipitishi mkondo, kwa hiyo haina upotevu. Iliyofunguka kabisa hupitisha mkondo mwingi, lakini volti zinazobaki juu yake ni karibu na sifuri, kwa hiyo upotevu ni mdogo. Chombo hufungua na kufunga mara laki kadhaa kwa sekunde. Pale sauti inapotaka volti nyingi, muda wa kufunguka hurefushwa, na pale inapotaka chache, muda huo hufupishwa. Mwishoni koili na kapasita huchuja mikatiko hiyo, na spika hupata wastani wake tu, ambao ndio sauti ya gitaa.

Ufanisi wa njia hii huweza kufikia asilimia 90. Amplifaya ya wati 300 sasa huvuta takriban wati 333, na joto ni wati 33 tu badala ya 200. Ndiyo maana mabamba makubwa ya kupozea hayahitajiki tena.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1964 kampuni ya Sinclair ya Uingereza iliuza X-10, amplifaya ya namna hiyo, lakini transista za siku zile hazikuwa na kasi ya kutosha. Ilibidi kungoja transista za aina ya MOSFET ziendelee ndipo njia hii ienee.

Spika nazo zimepungua uzito. Mwaka 1984 kampuni za Sumitomo ya Japani na General Motors ya Marekani, kila moja kwa njia yake, zilitoa sumaku zenye madini ya neodimi. Sumaku ndogo ya namna hiyo hufanya kazi ya sumaku kubwa ya ferati.

WATI, OMU NA DESIBELI

Wanunuzi wengi hutazama idadi ya wati peke yake. Hilo ni kosa. Wati zikiongezwa maradufu, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini si kubwa. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa maradufu, huhitajika takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi.

Kwa sababu hiyo yafaa kusoma pia wepesi wa spika kutoa sauti. Kipimo chake ni desibeli zinazopatikana umbali wa mita 1 kwa wati 1. Spika ya desibeli 100 ikipewa wati 150 hutoa sauti sawa na spika ya desibeli 97 iliyopewa wati 300. Mwenye spika bora hahitaji amplifaya kubwa.

Kisha kuna omu. Karatasi ya amplifaya huandika, kwa mfano, wati 300 kwa omu 4. Kwa kanuni ya wati, volti zake ni kipeuo cha pili cha 300 mara 4, yaani takriban volti 35, na mkondo ni karibu ampea 9. Spika ya omu 8 ikiunganishwa peke yake, volti ni zilezile, lakini mkondo hupungua kwa nusu na wati huwa 150 hivi. Masanduku mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba huwa omu 4, nayo amplifaya hutoa wati zake zote. Bali masanduku mawili ya omu 4 yakiunganishwa sambamba huwa omu 2. Hapo mkondo hutaka kufikia ampea 17, na amplifaya isiyotengenezwa kwa kiasi hicho itajizima au itaungua.

MFANO WA KUAMUA

Tuseme shule ina sanduku moja la spika la omu 8, lenye desibeli 97. Kamati ina mapendekezo mawili. La kwanza ni kununua amplifaya ya wati 600 kwa omu 4. La pili ni kununua amplifaya ya wati 300 kwa omu 4, pamoja na sanduku la pili linalofanana na lile la kwanza.

Katika pendekezo la kwanza, sanduku moja la omu 8 litapata wati 300 hivi. Wati 300 huongeza takriban desibeli 25 juu ya 97, nasi hupata 122. Katika pendekezo la pili, kila sanduku litapata wati 150, ambazo zingetoa desibeli 119 kwa sanduku moja. Lakini masanduku mawili yaliyokaa pamoja husukuma hewa kwa pamoja katika sauti nzito, na huongeza desibeli 6. Jumla ni 125. Amplifaya ndogo imeishinda kubwa, na kila spika imebeba nusu tu ya mzigo. Hesabu hii ni ya nadharia, kwani spika ikipata joto hupunguza sauti kidogo, lakini ulinganifu wenyewe ni wa kweli. Hasara ya pendekezo hilo ni sanduku la pili la kubeba. Kamati ipime pia gharama na usafiri.

MAMBO YA KUKAGUA KABLA YA KULIPA

1. Wati ziwe za wastani wa kuendelea, si za kilele. Chombo kinachotangazwa kuwa na wati 800 za kilele huweza kuwa na 400 tu za wastani.

2. Volti za ukutani. Vyombo vingine vyepesi hupokea volti 100 hadi 240 bila kubadilishwa. Vingine vimetengenezwa kwa volti 120 za Marekani tu, navyo huharibika mara moja vikichomekwa katika volti 230.

3. Kiwango cha chini cha omu kinachoruhusiwa.

4. Waya wa spika uwe mnene, wa nyuzi mbili za kawaida. Waya wa gitaa usitumike mahali pake, kwani ni mwembamba na hupata joto.

5. Matengenezo. Amplifaya ya zamani yenye transfoma hutengenezeka kwa fundi redio mwenye vifaa vya kawaida. Nyepesi ina vipuri vidogo mno vilivyogandishwa juu ya bamba, na mara nyingi bamba zima hubadilishwa. Kikundi kilicho mbali na mji kiulize kwanza vipuri vitapatikana wapi.

6. Nafasi ya hewa. Feni na matundu yasizibwe kwa kitambaa wala vumbi.

USALAMA

Ndani ya amplifaya nyepesi kuna kapasita zenye volti zaidi ya 300, nazo huweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mwanafunzi asiifungue kamwe. Aidha, pini ya waya wa ardhi isikatwe kwa sababu ya kuondoa mvumo. Pini hiyo ndiyo inayomlinda mpigaji anayeshika nyuzi za chuma kwa mikono yenye jasho.

Masikio nayo yanahitaji ulinzi. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 100, muda huo ni dakika 15 tu. Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu anaweza kuchukua spika ndogo ya omu 8 kutoka redio iliyoharibika, na betri ya volti 1.5. Mwanafunzi aguse vituo vya spika kwa nyaya za betri kwa kitambo kifupi, kisha ageuze pande za betri. Koni itasogea mbele, halafu itarudi nyuma. Darasa likokotoe mkondo na wati zilizopita, kisha lirudie hesabu kwa spika mbili zilizounganishwa sambamba. Atakayeifanya hesabu hiyo bila kukosea ameshajua jambo kubwa analopaswa kujua kabla ya kuunganisha masanduku ya besi jukwaani.