Selemani Matola: kutoka timu ya vijana hadi kiti cha kocha mkuu

Mwanzoni mwa Mei 2019, Ramadhani ikiwa mlangoni, mji wa Iringa ulishuhudia jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Katika Uwanja wa Samora, Lipuli, timu iliyorejea Ligi Kuu mwaka 2017, iliifunga Yanga mabao 2-0 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Kocha mkuu wa Lipuli alikuwa Selemani Matola.

Waliokuwa wakifuatilia soka zamani wanamkumbuka akiwa kiungo na nahodha wa Simba, katika kikosi cha mwaka 2003 kilichowavua Zamalek wa Misri ubingwa wa Afrika, huko huko Cairo, kwa mikwaju ya penalti. Baadaye aliichezea SuperSport United ya Afrika Kusini. Mwenye jina la namna hiyo angeweza kudai kiti cha mbele tangu siku aliyotundika viatu. Matola alianzia kwa vijana wa Simba.

Hapa namwomba msomaji atue kidogo. Kazi ya kufundisha vijana haina makofi mengi. Mwalimu akifanikiwa, mwanafunzi wake huchukuliwa na timu ya wakubwa, na sifa humwendea mwingine. Ramadhani Singano, Said Ndemla na Ibrahim Ajibu walipita katika timu hiyo ya vijana kabla majina yao hayajavuma. Walimu wetu wa madrasa wanaijua hali hii: aliyemshika mtoto mkono kwenye alifu na be hatajwi siku ya kuhitimu.

Baada ya hapo alikuwa msaidizi wa makocha wengine, ndipo akafika Iringa na hatimaye kukabidhiwa timu. Fainali ya kombe lile ilichezwa Lindi, Uwanja wa Ilulu, tarehe 1 Juni, tukiwa ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Azam walishinda 1-0, na nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika ikawa yao. Lipuli ilishuka daraja msimu uliofuata, Matola akiwa amekwisha kuondoka. Desemba ya mwaka ule ule wa 2019 alirudi Simba, si kama kocha mkuu bali msaidizi.

Sisi wa Mbeya hatukushangaa sana. Juma Mwambusi aliipandisha Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji letu, na katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2013/14, ikamaliza ya tatu. Uwanja wa Sokoine ulikuwa haupitiki. Mwaka 2015 naye alikwenda Yanga kuwa msaidizi. Inaonekana ukuu wa Nyanda za Juu Kusini huhesabiwa usaidizi ukifika Dar es Salaam! Hata hivyo siwalaumu waliokubali. Kukaa tena chini ya mwingine, baada ya kuonja uongozi, kunahitaji nafsi iliyolelewa.

Kunahitaji pia elimu. Jina la uchezaji peke yake halimfanyi mtu kocha. Zipo leseni za Shirikisho la Soka Afrika, zinazopanda kutoka daraja D hadi C, B na A, na kila moja ina kozi yake na gharama zake. Kwa lugha yetu ya chuoni ningeziita ijaza.

Nalitaja hili kwa sababu mwezi uliopita kamati ya msikiti wetu ilisikiliza malalamiko ya wazazi, kwamba mazoezi ya mpira yanawachelewesha vijana Magharibi. Mwalimu wao, mchezaji wa zamani asiyelipwa hata nauli, hakubisha. Aliahidi kuanza mara tu baada ya Alasiri na kumaliza mapema. Kisha akaomba achangiwe ada ya kozi ya awali ya ukocha, kwani vijana anao zaidi ya thelathini, na anachowafundisha ni kile tu anachokikumbuka. La kwanza lilipita bila mjadala. La pili liliahirishwa hadi kikao kijacho, nami nimeliandika la kwanza katika ajenda.