Sarafu zafichua siri ya umri wa mifupa ya kale

MWALIMU anayetaka kueleza jinsi wanasayansi wanavyokadiria umri wa mifupa ya kale hahitaji madini nururifu yenye miale hatari. Sarafu 100 na mkebe vyatosha.

Wanafunzi hutikisa sarafu hizo na kuzimwaga mezani. Kila iliyoonyesha nembo ya taifa huondolewa, zilizosalia huhesabiwa, kisha hutikiswa tena. Hesabu hukaribia 50, kisha 25, halafu 12 au 13.

Hakuna awezaye kutabiri sarafu ipi itaondoka, lakini idadi ya jumla hutabirika. Ndivyo zilivyo atomu nururifu. Muda ambao nusu ya atomu hizo huoza huitwa nusu-uhai. Aidha, wanafunzi hujionea kwamba nusu-uhai ikipita mara mbili, atomu haziishi zote, robo husalia.

Baada ya duru saba, pengine husalia sarafu moja tu, na hesabu haiaminiki tena. Kaboni 14, ambayo nusu-uhai yake ni takriban miaka 5,730, hufikia hali hiyo baada ya miaka 50,000 hivi.

Kwa hivyo, kaboni haingefaa kupimia mifupa ya Mvulana wa Turkana, iliyogunduliwa Nariokotome mwaka 1984 na yenye umri wa takriban miaka milioni 1.5. Wataalamu walitegemea tabaka za majivu ya volkano, ambamo potasiamu 40 hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Nusu-uhai yake ni miaka bilioni 1.25.