Maji Safi Si Lazima Yawe Salama

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Lau wangaliishi zama zetu, yamkini wangaliongeza kwamba kingine kimo mtungini mwako. Tumezoea kuyaita maji yasiyo na tope wala harufu "maji safi", na neno hilo tumeligeuza hukumu: yakiwa safi, kunywa. Mazoea haya ya lugha yana hatari, na mwalimu ndiye anayefaa kuyarekebisha.

Hebu tutazame yaliyowafika wananchi wa Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970, visima vingi vya bomba vilichimbwa nchini humo ili watu waepukane na maji ya madimbwi, yaliyokuwa yakiwaua watoto kwa maradhi ya kuhara. Maji yaliyotoka ardhini yalikuwa maangavu. Mnamo 1993 ikabainika kwamba yalikuwa na aseniki, sumu isiyo na rangi, ladha wala harufu, ambayo baada ya miaka mingi huharibu ngozi na kuleta saratani.

Je, sumu hiyo ilitoka wapi? Haikumwagwa na kiwanda chochote. Ilikuwa imeganda juu ya kutu ya chuma iliyozifunika chembe za mchanga ulioletwa na mito kutoka milima ya Himalaya. Mimea iliyofukiwa chini ilipooza, vijidudu viliimaliza oksijeni iliyokuwamo, kutu ikayeyuka, nayo aseniki ikaachiliwa majini. Kuyachemsha maji hayo hakukusaidia kitu, kwani moto huua vijidudu lakini hauondoi madini.

Urani, madini yenye mnururisho, hufuata kanuni iliyo kinyume. Huyeyuka na kusafiri katika maji yenye oksijeni, kisha hutua pale oksijeni inapokwisha. Thoriamu nayo ni mkaidi zaidi, hung'ang'ania chembe za udongo na ni nadra kuyeyuka. Hapa kwetu imo kwa wingi katika kilima cha Mrima, Kaunti ya Kwale. Kwa hiyo, mwenye kutafuta hatari ya thoriamu aanze na udongo na vumbi kabla ya kutazama kisima.

Risasi pia hupenda udongo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilifungwa mnamo 2014, lakini kufungwa kwa mlango hakukuyafunga madhara. Risasi haiozi. Hukaa katika tabaka la juu la udongo, pale pale watoto wanapochezea, na kutoka viganjani huingia vinywani, ikadumaza akili zinazokua.

Ni dhahiri basi kwamba swali la kuuliza si tu "Pana madini gani hapa?" bali pia "Yameshikamana na nini, na ni kitu gani kitakachoyaachilia?" Hilo ni swali ambalo mwanafunzi wa sekondari anaweza kulielewa barabara, mradi aulizwe kwa lugha anayoifahamu.

Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama. Wengi husoma maneno hayo mawili kana kwamba ni pacha. Sivyo. Usafi huonekana kwa macho; usalama hupimwa katika maabara. Shirika la Afya Duniani linapendekeza aseniki isizidi mikrogramu 10 kwa lita moja, kiasi ambacho hakuna jicho liwezalo kukiona. Wakazi wa Bonde la Ufa, ambao meno yao yamegeuka rangi ya kahawia kwa floridi ya maji ya visima maangavu, hawahitaji kuhubiriwa jambo hili.

Huko Bangladesh, visima vilivyopimwa vilipakwa rangi: kijani kwa maji yanayofaa kunywewa, nyekundu kwa yasiyofaa. Hata asiyejua kusoma aliweza kuchagua. Sisi tunavizindua visima kwa hotuba na vigelegele. Mwalimu, kisima kitakapochimbwa shuleni mwako, furahi pamoja na wenzako, kisha uulize mbele ya wanafunzi wako: cheti cha kupimwa kwa maji haya kiko wapi, nacho kilipima madini gani?