KURUKA KAMBA NA KUPUNGUZA UNENE

Katika sehemu nyingi za Kenya mtu mnene husifiwa kuwa ameneemeka, na aliyekonda huhurumiwa. Lakini madaktari hulitazama jambo hili kwa namna nyingine. Unene uliozidi huongeza hatari ya kupatwa na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Wala si shida ya watu wachache. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2014, kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 33 walionekana kuwa na uzito uliopita kiasi.

Miongoni mwa njia za kupunguza uzito, kuruka kamba ni njia isiyohitaji fedha nyingi. Wasichana huruka kamba kwa mchezo, na mabondia huruka ili wapate pumzi. Kipande cha kamba ya katani chatosha. Ili kukipima, mtu hukanyaga katikati ya kamba na kuvuta ncha zake juu. Zikifika kwapani, urefu wafaa.

Yafaa kwanza ijulikane jinsi unene unavyopatikana. Chakula ni kwa mwili kama kuni kwa moto. Kikizidi kazi ambayo mtu huifanya, ziada huwekwa akiba kuwa mafuta. Kazi ikizidi chakula, mwili huila akiba hiyo. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Mtu mwenye uzito wa kilo 70 akiruka kamba polepole kwa dakika 10 hutumia kalori kama 100. Chupa ya soda ya mililita 300 mara nyingi huwa na kalori kama 120. Basi mtu akiisha kuruka, kisha akajiburudisha kwa soda moja, jasho lake lote limekwenda bure.

Tena kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori zipatazo 7,700. Kwa kamba peke yake, dakika 10 kila siku, kilo hiyo yaweza kuchukua siku zaidi ya 70. Ndiyo sababu wengi hukata tamaa. Lakini anayeruka kamba, na pia akapunguza sukari katika chai, mafuta ya kukaangia na kipimo cha ugali, huku akiongeza mboga, hufika mapema zaidi. Kupungua nusu kilo kwa juma ni mwendo mwema.

Anayeanza na aruke nusu dakika, apumzike nusu dakika, na kurudia mara 10. Miguu isiinuke juu sana, bali ipishe kamba tu. Mtu atue kwa vidole, si kwa visigino, na kamba izungushwe kwa viganja, si kwa mikono mizima. Udongo ni bora kuliko saruji. Mwenye maradhi ya moyo, magoti mabovu, mimba au uzito mkubwa sana, hana budi kumwuliza daktari kwanza. Huenda kutembea kwa miguu kukamfaa zaidi.

Kazi iliyo ngumu zaidi si kupunguza uzito, bali ni kuuzuia usirudi. Mwili uliopungua huhitaji chakula kidogo kuliko ulivyohitaji zamani, ingawa njaa yaweza kuongezeka. Mtu akiitundika kamba ukutani na kurudia ulaji wake wa kwanza, unene nao hurudi. Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima kufanya mazoezi ya nguvu kwa dakika 75 hadi 150 kila juma. Dakika 15 kwa siku 5 hutimiza kipimo cha chini.

Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo unene ulivyoingia mwilini, kijiko kwa kijiko, na ndivyo utakavyotoka, kwa yule asiyeiacha kamba yake.