Punje Zichaguazo Sumu

Wachimbaji wa bati huko Kyerwa hutenga madini na mchanga kwa maji. Bati ni zito, hukaa chini. Lakini taka za mionzi zilizoyeyuka majini hazitengwi hivyo. Hapo hutumika punje ndogo za polima, jamii ya plastiki, ambazo hushika sesiamu au strontiamu na kuachilia chumvi nyingine badala yake.

Ugumu ni kuchagua. Maji ya bahari yana sodiamu tele, na punje isiyochagua hujaa sodiamu upesi, sumu ikapita. Huko Fukushima, Japani, baada ya ajali ya 2011, maji yalipitishwa katika mawe ya zeolaiti na punje za namna hii. Tritiamu ilipita, maana ni hidrojeni iliyomo katika maji yenyewe.

Je, sumu iliyoshikwa imekufa? La, imehama tu. Sesiamu-137 hupungua nusu kila miaka 30. Baada ya miaka 300 husalia kama sehemu moja ya elfu. Hivyo punje zenyewe hazina budi kufungiwa na kulindwa muda wote huo. Hapa Tanzania taka za mionzi, hasa vyombo chakavu vya hospitali na viwanda, hutunzwa na Tume ya Nguvu za Atomu katika ghala lake Arusha.