Namba ya Bure na Saa 72: Ushauri wa Simu Kusini mwa Maniema

Muuguzi wa kijijini Kabambare huenda akawa shemeji yako, au mnaswali msikiti mmoja. Utamwambiaje kwamba una kidonda sehemu za siri, au kwamba kondomu ilipasuka juzi? Wengi hunyamaza, na ugonjwa hauwasubiri. Ndiyo maana namba ya afya ya kupiga bure ina thamani: anayepokea hakujui, na hatakutana nawe sokoni.

Kongo ina uzoefu wa kazi hii. Mwaka 2005 Association de Santé Familiale, ikishirikiana na shirika la PSI, ilianzisha Ligne Verte, namba ya bure ya kuulizia uzazi wa mpango. Njia nyingi za uzazi wa mpango ni za wanawake, lakini waliopiga wengi walikuwa wanaume. Mimi sishangai. Mara nyingi simu ya nyumbani iko mfukoni mwa mume, na mume huyo hana pa kuulizia: kliniki ya mama na mtoto anaiona si mahali pake.

Mshauri aliyefunzwa vizuri haanzi kwa kuuliza jina. Anauliza: ilitokea lini, saa ngapi? Aliyebakwa, au aliyelala bila kinga na mtu anayeweza kuwa na VVU, ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia maambukizi, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Dawa hizo humezwa kwa siku 28. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kina hadi saa 120, nacho pia kikiwahi ndiyo bora. Sasa fikiria barabara ya Kabambare kwenda Kasongo wakati wa mvua, pikipiki imezama kwenye tope. Mshauri akisema tu “nenda hospitali”, hajasaidia kitu. Lazima ajue ni kituo gani cha karibu chenye dawa leo.

Na hilo linawezekana. Mradi wa Kasongo, ulioendeshwa na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp tangu miaka ya 1970, ulichangia kujenga mfumo wa zoni za afya tunaoutumia nchi nzima: vituo vidogo karibu na watu, na hospitali kuu nyuma yake. Simu ya ushauri inapaswa kuunganishwa na mfumo huo. Ikielea peke yake kutoka Kinshasa, itabaki sauti tu.

Haja ya simu hiyo imeongezeka tangu mwaka 2023, homa ya nyani, yaani mpox, ilipoenea Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu Kusini, kwa njia ya ngono pia. Kabambare nayo ina dhahabu, Namoya na Salamabila, na wachimbaji huhama kutoka shimo hadi shimo, na ugonjwa unaweza kuhama nao.

Hapa utafiti uliofanyika kwa sehemu katika mkoa wetu wenyewe una la kutufunza. Huko Tunda, Maniema, na Kole, Sankuru, wagonjwa 597 wa mpox waliingia katika jaribio la dawa ya tecovirimat. Matokeo ya Agosti 2024 yalionyesha kwamba dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini waliokufa walikuwa asilimia 1.7 tu, wakati nchini kwa jumla ilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Wote walilazwa, wakalishwa, wakatunzwa vizuri, waliopewa dawa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kufika mapema na kutunzwa kuna uzito mkubwa, na simu inaweza kumfikisha mtu mapema.

Jaribio kama hilo hudai ridhaa, na ridhaa hudai maswali. Mgonjwa ana haki ya kujua kwamba anaweza kupewa kidonge kisicho na dawa, na kwamba akikataa au akijitoa katikati hanyimwi matibabu. Maswali hayo ni rahisi kumuuliza mtu asiyeshika daftari la utafiti, kama mshauri wa simu, na kwa Kiswahili cha kwetu, si kwa Kifaransa cha fomu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, likikupata jambo, hesabu saa tangu lilipotokea. Piga namba ya ushauri kama ipo kwenu, au nenda kituoni siku hiyo hiyo, na kabla ya maelezo mengine yote, taja saa.